Tozo ya gari isiwe kiingilio cha pili: barua ya wazi kwa walio na dhamana ya misitu ya umma

Kwa Waziri anayesimamia mazingira na misitu,
Kwa wakuu wa taasisi zinazotunza misitu ya umma, ya kitaifa na ya kaunti,
Kwa wabunge wa kamati zinazopitia kanuni za ada

KUH: ADA ZA MAGARI KATIKA MISITU YA UMMA YA MAPUMZIKO

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu pesa anazotozwa mwananchi kwa sababu ya gari lililomleta msituni, mbali na kiingilio anacholipa yeye mwenyewe. Kwenye bango la bei ada hiyo haivutii macho. Huandikwa chini kabisa, baada ya bei za watu wazima, za watoto, za wageni kutoka nje, za wapiga picha na za harusi. Lakini mara nyingi ndiyo inayoamua nani atafika msituni na nani atabaki nyumbani, na ndiyo inayoamua msitu wenyewe utakanyagwa vipi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisaidia kupanga safari za vikundi kwenda misituni: watoto wa shule za mitaani kwetu, akina mama wa chama, wazee wa kanisa. Hesabu ya safari hizo huvurugikia kwenye mstari huo wa mwisho wa bango.

Niseme mapema kwamba sipingi ada ya gari. Naiunga mkono. Gari likiingia msituni linaharibu, na anayeliingiza anastahili kulipia uharibifu huo. Ninachopinga ni ada iliyopangwa bila kuuliza gari linafanya nini likishaingia. Ada hiyo huhesabu viti ikasahau magurudumu, na mwishowe inakuwa kiingilio cha pili kwa watu walewale waliokwisha kulipa cha kwanza.

Tulitazame gari lenyewe. Ile mizizi myembamba inayoulisha mti kwa maji na madini haiko chini sana ardhini. Sehemu kubwa yake iko kwenye udongo wa juu, ndani ya nusu mita ya kwanza. Gari la tani moja na nusu likiegeshwa hapo kila Jumapili, udongo unashindiliwa, na zile nafasi ndogondogo za hewa na maji zinaziba. Mvua ya Aprili ikinyesha, maji hayazami tena. Yanateleza juu, yanakusanyika kwenye njia ya magurudumu na kuanza kuchimba. Mti hauanguki mwaka huo. Unaanza kukauka matawi ya kileleni, majani yanapungua mwaka baada ya mwaka, na siku utakapokatwa kwa kuwa umekuwa hatari kwa wageni hakuna atakayekumbuka kwamba kivuli chake ndicho kilichowavutia madereva.

Kuna vumbi pia. Barabara ya changarawe wakati wa kiangazi huvisha majani ya kandokando rangi ya matofali, na jani lililofunikwa vumbi hufanya kazi yake kwa shida. Kuna matope ya magurudumu, ambayo hubeba mbegu kutoka mahali pengine. Gugu vamizi la Parthenium, wakulima wengi wanalijua, husafiri hivyo. Kuna mafuta yanayodondoka, na kuna bomba la moshi lenye joto kali linaloegeshwa juu ya nyasi kavu za Februari. Halafu kuna barabara. Changarawe huisha na kuhitaji kuongezwa, mitaro huziba, kalavati hupasuka, greda hukodiwa kwa pesa nyingi. Yote haya yanasababishwa na gari. Mtu wa miguu hahusiki nayo, na aliyekuja kwa baiskeli anahusika kidogo mno.

Kwa hiyo ada ya gari ina kazi yake halali: kulipia barabara, maegesho, mitaro, mawe na magogo ya kuzuia magari yasipande kwenye nyasi, na mshahara wa anayeyaelekeza. Ikiishia hapo, hakuna mwananchi mwenye haki atakayenung'unika. Shida huanza inapotakiwa kulipia mambo mengine yote: askari wa kuzuia wakataji haramu, vitalu vya miche, uzimaji moto, mishahara ya ofisi. Mzigo huo si wa mgeni wa Jumapili peke yake. Mkazi wa Nairobi ambaye hajawahi kukanyaga msituni anafungua mfereji asubuhi na kupata maji ambayo sehemu kubwa yake hutoka Ndakaini, bwawa linalojazwa na mito ya msitu wa Aberdare. Mkulima wa mpunga wa Mwea analima kwa mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Hawa wote wanakula matunda ya msitu bila kupita langoni, na ndiyo maana ulinzi wa msitu unapaswa kutoka kwenye bajeti ya taifa zima. Bajeti hiyo inapopunguzwa na ada za langoni zikapandishwa kuziba pengo, tunamtoza zaidi yule mmoja aliyejali vya kutosha kuja kuutazama.

Sasa nije kwenye hesabu ya viti, kwa sababu hapo ndipo kosa kubwa lilipo.

Mahali pengi ada ya gari hupangwa kwa ukubwa wa gari au idadi ya viti vyake: gari dogo kiwango chake, matatu kiwango cha juu yake, basi juu zaidi. Ukisoma haraka unaona ni haki, kwa kuwa mkubwa analipa zaidi. Lakini fikirieni watu 14. Wakija wawili wawili kwa magari madogo, ni magari saba, magurudumu 28, nafasi saba za maegesho. Nafasi moja ya gari dogo, ukihesabu na uwanja wa kugeuzia, huhitaji karibu mita za mraba 25. Hiyo ni mita za mraba 175 za ardhi ya msitu zilizoshindiliwa ili watu 14 wapumzike. Watu haohao wakija na matatu moja wanahitaji nafasi isiyofika mara mbili ya gari dogo. Wamepunguza foleni langoni, wamepunguza moshi, wameuachia msitu nafasi. Na bado gari lao ndilo linaloandikiwa bei kubwa kuliko gari la mtu aliyekuja peke yake na redio yake.

Nitajibiwa kwamba matatu ikigawa ada yake kwa abiria 14, kila mmoja anatoa kidogo kuliko yule mwenye gari dogo. Ni kweli kwa hesabu ya karatasi. Lakini anayekuja na gari lake na anayekuja kwa mchango wa kikundi hawana mfuko mmoja. Abiria wa matatu ya kukodi ameshalipa sehemu yake ya mafuta, ya dereva na ya siku nzima ambayo gari halikubeba abiria wengine. Ameshalipa kiingilio chake na cha watoto wake. Ada ya gari kwake ni gharama ya tano. Na ukisema kwamba mwenye gari ana pesa, umesema juu ya mwenye gari, umewasahau waliobebwa.

Basi ni suala zito zaidi, nami sitaki kulikwepa. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uchakavu wa lami huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli: uzito ukizidi mara mbili, uchakavu huzidi karibu mara 16. Basi lililojaa watoto likiingia kwenye barabara nyembamba ya changarawe baada ya mvua, linaacha mashimo ambayo magari madogo mia hayangeacha. Meneja wa msitu anayeogopa mabasi ana sababu. Lakini dawa ya tatizo hilo si kupandisha bei ya basi, kwa sababu bei haiondoi shimo. Dawa ni basi lisiingie. Lipewe mahali pa kushushia watu, pana, penye changarawe iliyoshindiliwa vizuri au lami, palepale langoni, ligeuke na kutoka. Abiria waingie kwa miguu yao. Gari lililoshusha watu na kuondoka halijaegeshwa, halijapita barabara ya ndani, halijashindilia mzizi wowote. Litozwe nini?

Nieleze nilichokiona kwenye msitu mmoja wa umma. Sitautaja, kwa kuwa sina nia ya kumtia lawamani karani wala askari aliyekuwa zamu. Wao hufuata karatasi waliyopewa. Matatu ilikuwa imekodiwa na kikundi cha akina mama. Mweka hazina wao alikuwa na daftari la shule, jina la kila mmoja limeandikwa na kando yake alama ya vema kwa aliyekamilisha mchango. Viingilio vilikuwa tayari kwenye simu yake, hesabu kamili hadi ya mtoto wa mwisho. Langoni wakaambiwa gari nalo lina ada yake. Hawakuwa wameipangia. Dereva akasema hiyo si juu yake, naye alikuwa na haki. Baada ya mazungumzo marefu matatu ilirudi kinyumenyume hadi barabara kuu, na akina mama wakashukia huko, kwenye ukingo wa lami, malori ya mchanga yakipita karibu kiasi cha kupeperusha leso zao. Wenye watoto waliwashika kwenye vifundo vya mikono. Nyanya mmoja mwenye bakora alivushwa mtaro na wanawake wawili, mmoja kati yao akiwa na sufuria ya chakula kichwani. Matatu ikashinda pale kando ya barabara, magurudumu mawili juu ya lami, mawili juu ya nyasi.

Siku hiyo msitu haukupata hata shilingi moja ya gari lile. Nyasi ziliumia vilevile, ila ziliumia nje ya ua, ambako hakuna anayezihesabu. Wakati narudi jioni ukingo wa barabara ulikuwa na safu ya magari, kwa kuwa madereva huigana: mmoja akiona mwenzake ameegesha nje bila kulipa, naye anasimama nyuma yake. Maegesho ya ndani, yaliyotengenezwa kwa pesa za umma, yalikuwa na nafasi tele. Ada ikishapanda kupita kiasi ambacho watu wako tayari kutoa, inaanza kusukuma magari nje ya lango, mahali penye hatari kubwa zaidi na mapato sifuri. Yeyote anayetaka kujua kama ada yake ni sawa, atembee kando ya barabara kuu siku ya Jumapili saa nane mchana.

Kuna watu ambao kwao gari si starehe wala si urahisi. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au mzee ambaye magoti hayamruhusu kutembea mita 300, gari ndilo miguu yake. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na Kifungu cha 57 kinawataja wazee na haki yao ya kushiriki kikamilifu katika maisha ya jamii. Kumtoza mtu huyo ada ya gari ni kumtoza kwa kushindwa kutembea. Gari lililombeba liruhusiwe hadi mahali pa karibu panapowezekana, bila ada na bila kuulizwa maswali ya kumvunjia heshima mbele ya foleni. Hili halihitaji bajeti wala utafiti. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha, na sioni kwa nini usitoke wiki hii.

Nije kwa watoto wa shule. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kukuza miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa likizo ili watu wapande miche, na Mei 2024 tukapewa siku nyingine. Watoto waliinama, wakachimba, wakapanda. Nami nilishiriki na ninaamini kazi ile. Lakini mtoto anayepewa mche wa kimo cha kidole anahitaji kuona mti uliokomaa ili aelewe alichopanda. Anahitaji kusimama chini ya mugumo na kutazama juu mpaka shingo imuume. Anahitaji kugusa gome la muhugu na kuambiwa kwamba mti ule ulikuwepo kabla babu yake hajazaliwa, kwa sababu hukua polepole kuliko subira ya mtu. Mwalimu anayetaka kumpeleka anaanza na kukodi basi au kutafuta mafuta ya basi la shule. Anaongeza viingilio, halafu anakuta ada ya basi ambayo ni ya juu kuliko zote. Wazazi wakiitwa kuchanga, watoto ambao wazazi wao hawakuweza hubaki darasani siku hiyo. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi atawaambia ni akina nani hubaki, na kwamba ni walewale kila safari. Basi la shule la manjano linajulikana kwa rangi. Karani hahitaji hata kuuliza karatasi. Lipite bure, lishushe watoto, likasubiri mahali palipotengwa.

Najua nchi nyingine zimeshindana na jambo hilihili kwa miaka mingi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2004 kuhusu ada za burudani kwenye ardhi za serikali kuu, na ndani yake ikakataza kumtoza mtu kwa sababu tu ameegesha gari, au amepita tu kwa gari au kwa miguu bila kutumia huduma zilizojengwa. Hata baada ya sheria hiyo watu walitozwa kwenye Mlima Lemmon, Arizona, wakaenda mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikawapa haki wale waliokuwa wakiegesha na kwenda kutembea tu. Sheria hiyohiyo inataka sehemu kubwa ya mapato, kwa kawaida isiyopungua asilimia 80, ibaki mahali ilipokusanywa. Uingereza nao, kwenye misitu mingi ya umma, anayeingia kwa miguu halipi chochote. Kinacholipiwa ni maegesho.

Siwaombi mnakili sheria ya Marekani. Misitu yetu iliyo karibu na miji ni midogo na inazungukwa na watu wengi mno. Tukiacha kutoza maegesho kabisa, magari yataimeza. Ninachokichukua kutoka huko ni mambo mawili: kwamba ada lazima iwe na kitu mahususi inachokilipia, na kwamba pesa ikae pale ilipotolewa. Kuhusu kutoza kwa saa, kama wanavyofanya Waingereza, ningesita. Mtu aliyekuja kupumzika akianza kutazama saa kila baada ya muda, mmemnyang'anya kile alichokuja kukitafuta. Ada moja ya siku inatosha.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kwenye msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,041, magari huachwa kwenye maegesho yaliyo karibu na malango, na kutoka hapo watu hutembea, hukimbia au huendesha baiskeli. Ndiyo maana unaweza kufika kwenye maporomoko ya maji na kusikia maji. Huo ni uamuzi wa mipango uliofanywa na watu, wala haukutokea wenyewe. Na msitu wenyewe upo leo kwa sababu kuna watu waliokataa ugawiwe. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda mti huko Karura kupinga ardhi ya msitu kupewa wajenzi binafsi. Damu ilimwagika siku ile kwa ajili ya mali ya umma. Kila anayekaa mezani kupanga bei za lango la msitu wowote nchini anapanga bei ya kitu ambacho wananchi walikilinda kwa miili yao.

Kuhusu sheria, mnaijua kuliko mimi, ila ni vyema isemwe hadharani. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaiweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma, na serikali inaishikilia kama mdhamini wa watu wa Kenya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia na kuhifadhi mazingira. Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa na mawaziri na taasisi inataka wanaoguswa na kanuni washauriwe kabla haijatolewa, na nakala yake ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inapoteza nguvu. Nayo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inavitambua vyama vya misitu vya jamii na inataja utalii na burudani miongoni mwa mambo ambayo vyama hivyo vinaweza kupewa haki ya kuyaendesha.

Ushiriki ninaoutaka ni ule unaomfikia anayelipa. Tangazo kwenye gazeti moja na mkutano wa Jumanne asubuhi kwenye ukumbi wa hoteli mjini haumfikii mweka hazina mwenye daftari la shule. Fanyeni mkutano Jumamosi, langoni kwenyewe, chini ya turubai. Waiteni madereva wa matatu, walimu, viongozi wa vyama, waendesha baiskeli, watu wenye ulemavu, na wanaoishi ukutani mwa msitu. Madereva hasa. Mpaka leo sijaona mtu akimuuliza dereva wa matatu maoni yake juu ya maegesho ya msituni, na ni yeye anayejua kona gani basi haliwezi kugeuka na mahali gani maji hujaa.

Jambo la pesa zenyewe nalisema kwa ufupi. Siku hizi malipo ni kwa simu, hivyo kila ada ya gari inaacha alama: tarehe, aina ya gari, kiasi. Basi hakuna kisingizio cha kutoonyesha hesabu. Bandikeni langoni kila mwezi: magari madogo mangapi, matatu ngapi, mabasi mangapi, kiasi gani kimekusanywa, na kiasi hicho kimejenga mtaro upi au kimenunua mzigo gani wa changarawe. Mtu anayeona kalavati mpya na pembeni yake kibao kinachosema imejengwa kwa ada za magari za mwaka huu, mwaka ujao atalipa bila kubishana. Na pale mtandao unapokatika na malipo kukwama, karani awe na ruhusa ya kuruhusu watu wapite na walipe wakitoka. Foleni ya magari yanayonguruma nusu saa langoni inaupatia msitu moshi tu.

Haya ndiyo ninayoyaomba, na ninayaomba kwa pamoja kwa kuwa moja likitolewa bila jingine halitafaa. Ada ya gari itenganishwe kabisa na kiingilio cha mtu, na ilipie mambo ya gari pekee. Itozwe gari linaloegeshwa ndani. Linaloshusha watu na kuondoka lisitozwe. Gari lililobeba watu wengi lisilipe zaidi ya gari la mtu mmoja, na mkitaka kweli kupunguza magari, lilipe kidogo kuliko hilo. Mabasi ya shule na magari ya wenye ulemavu na wazee wasiojiweza yapite bila ada. Kila lango la msitu lenye wageni wengi lijengewe mahali salama pa kushukia kabla ya ada yoyote kupandishwa, kwa sababu kupandisha ada mahali pasipo na kituo cha kushukia ni kuwapeleka akina mama na watoto kwenye ukingo wa barabara kuu. Na bango la bei lieleze, kwa Kiswahili kinachosomeka, ada ya gari inalipia nini.

Kama kuna wasiwasi kwamba mapato yatashuka, jaribuni kwenye msitu mmoja kwa mwaka mmoja. Hesabuni magari ya ndani na ya kando ya barabara kabla na baada ya jaribio, hesabuni na watu. Mimi nadhani magari yatapungua, watu wataongezeka, na viingilio vya watu hao vitafidia sehemu nzuri ya kilichopotea kwenye ada ya mabasi. Nikithibitishwa kuwa nimekosea, hesabu zitakuwa mezani kwa kila mmoja kuziona, na tutazungumza upya tukiwa na hesabu hizo mkononi.

Naomba jibu la maandishi, na naomba lichapishwe ili walimu na vyama walisome wenyewe. Mkutano mkiuitisha nitakuja, na nitakuja na akina mama wale na dereva wao iwapo watakubali. Lakini suala la mabasi ya shule lisisubiri mkutano. Muhula ujao walimu wataanza kupiga hesabu za safari wiki za kwanza kabisa, na wakipata waraka wa kuondoa ada hiyo kabla ya hapo, watoto wote wa darasa wataweza kuandikwa kwenye orodha.

Wenu,
Mwananchi na mpangaji wa safari za misituni,
Nairobi